Mkanda wa Bibi Sindano

Jambo gumu halishindwi kwa pigo moja zito, bali kwa pigo dogo lisilochoka. Asiyeamini na aulize habari za Bibi Sindano, mtaa mzima utamjibu kwa pamoja.

Bibi Sindano alikuwa fundi cherehani wa miaka sabini na mmoja. Chumba chake cha kushonea kilikuwa ghorofani, juu ya vidato ishirini na viwili, na humo ndimo habari zote za mtaa zilimopimwa, zikakatwa na kupigwa pindo. Alipougua miezi mitatu, miguu ilimlegea kama uzi uliolowa. Kuinuka kitini mpaka ashikwe kwapa. Mwanawe, kwa mapenzi wala si kwa ubaya, akatamka kuwa baada ya miezi miwili chumba kingepewa fundi mwingine, isipokuwa mama apande mwenyewe bila kushikwa.

Daktari akaruhusu, na binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaja, akampima presha, akamfunga mkanda wa hewa juu ya paja. Mkanda ukijaa, alieleza, damu hupita kwa uchache, na msuli huhangaika na uzito mdogo kana kwamba umebeba mkubwa. Uzito wenyewe ulikuwa kilo mbili, uliofungwa kifundoni.

"Wifi, hata sukari ninayobeba kutoka dukani ni kilo mbili," akasema wifi yake, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi, "na mbona sijaota misuli?"

Neno lile lilimchoma. Jumapili akajishonea mkanda wake kwa lastiki ya sketi, akaukaza kwa kiburi cha ufundi. Mguu ukafa ganzi, ukaiva zambarau. Binti alipoziona alama, hakupaza sauti.

"Bibi, ukimshonea mtu nguo, unamkadiria kwa macho?"

"Nampima."

"Basi na mimi nakupima. Paja lako lina presha yake, na lina siku zake."

Lastiki ikaenda jalalani. Mara tatu kwa wiki, mapaja yakiwaka moto, Bibi akanyoosha goti mara thelathini, akapumua, kisha kumi na tano, na tena, na tena. Kila Ijumaa alijizungushia pajani futi yake ya kupimia nguo. Wiki tatu namba haikusogea hata kwa unywele. Wiki ya nne akainuka kitini mikono kaikunja kifuani. Ya sita paja likaongezeka nusu inchi, naye akaitangaza kama posa.

Siku ya siku, mwanawe alikuja na yule fundi mgeni. Majirani walijaa chini ya ngazi hadi mlango haufungiki. Bibi, mkoba begani, akauchukua ufunguo wa chumba mkononi mwa mwanawe, akakanyaga kidato cha kwanza. Cha kumi na nne akasimama, akihema. Wifi, aliyemfuata nyuma, akanyoosha mkono.

"Usinishike, wifi. Nishikie mkoba."

Akapanda. Kufuli likalia, na punde cherehani ikaanza kunguruma juu ya vichwa vyao. Fundi mgeni akauliza kama bado angekiona chumba.

"Chumba kina mwenyewe," mwana akajibu, kifua mbele kana kwamba amepanda yeye.

Jumatatu wifi alimnong'oneza binti, akitaka kujua kama mkanda ule ungemtosha mtu mnene kidogo. Hakika, papo kwa papo kamba hukata jiwe.