Kitalu cha Righa

Mbegu ya pilipili huamshwa kwa joto, si kwa moto.

Ndivyo shangazi yenu Wakesho alivyowajibu leo wale waliomtaka apeane mkono na dada yake aliyemkosea, papo hapo, mbele ya watu, ili kikao cha kuwapatanisha kiishe. Niliwaona mkitazamana. Sasa mmenifuata huku jikoni kuuliza maneno hayo yalitoka wapi. Haya, endeleeni kuchambua maharagwe, nami nitawaeleza methali hii ilivyoanza.

Huku kwetu Taita milimani, miezi ya baridi ukungu hushinda juu ya mashamba mpaka mchana. Ukifukia mbegu ya pilipili wakati huo, inaoza. Watu wa bondeni huitupa tu uani ikaota, lakini sisi tulikuwa tukipanda mvua zikishaanza, na kabla pilipili hazijawiva, mvua zimekwisha.

Kulikuwa na kijana aitwaye Righa, mtoto pekee wa mjane Mkawasi. Yeye alijenga kitalu cha udongo nyuma ya nyumba ya mama yake. Kilikuwa kama sanduku lisilofika kiunoni. Chini aliacha nafasi ya makaa, akayafunika kwa majivu. Juu ya makaa alilaza bati, juu ya bati akaweka mchanga, na juu ya mchanga akapanga visahani vya udongo wenye mbegu, vimefunikwa kwa majani ya mgomba. Mbegu zililala humo kwenye joto huku nje watu wakitetemeka. Kila mwaka nyumba zote zilimletea mbegu zao, na mvua za vuli ziliponyesha kila mtu alichukua miche yake.

Mwaka mmoja, Righa alikuwa amekwisha kupanda mbegu za watu. Kesho yake alikwenda kukata mkaratusi pamoja na rafiki yake Mghanga. Mti ulimwangukia, akafa pale pale.

Mghanga ndiye aliyekuwa na shoka. Aliwaambia wazee kwamba alipiga kelele, ila Righa hakusikia. Wazee wakasema ni ajali. Righa akazikwa, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao.

Mghanga hakupata raha. Alikwenda kwa Mkawasi na kondoo dume na wazee wawili wa ukoo wake, akapiga magoti mlangoni.

"Mama, nisamehe."

"Umesema, nimesikia," Mkawasi akajibu, akaingia ndani.

Alirudi tena akajibiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu alimkuta nyuma ya nyumba, anajaribu kuchochea kitalu. Mama huyo alikuwa na bega bovu. Mzigo wa kuni ulimponyoka, naye akabaki ameinama anakohoa moshi. Mghanga akaziokota kuni.

"Weka pale," Mkawasi alisema bila kumtazama. "Ziwe makaa kwanza, ndipo uyaingize. Na majivu yawe juu."

Msidhani alikuwa amempenda. Mbegu zilikuwa za watu, mikono ya kuzitunza ilikuwa kaburini, na yeye peke yake hakuweza.

Basi Mghanga akawa anakuja asubuhi na jioni. Mkawasi alimfundisha kugusa udongo kwa mgongo wa mkono. Uwe kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga, alimwambia, usizidi hapo. Zaidi ya hayo hawakuzungumza. Mghanga alichunguliachungulia chini ya majani ya mgomba, asione kitu. Kijijini watu walinyamaza alipopita. Akajiambia moyoni: siku mbegu zitakapoota, mama huyu atanisamehe, na mambo haya yataisha.

Siku moja ya ukungu mzito, Mkawasi alikwenda kisimani. Mghanga akaona hiyo ndiyo nafasi. Akayaondoa majivu, akatia kuni kavu, akapuliza mpaka bati likalia.

Mkawasi aliporudi, mvuke ulikuwa ukipanda na udongo unanuka kuungua. Akautua mtungi. Akafukua mbegu moja kwa ukucha, akaibonyeza, ikapondeka kama wali.

"Nani ameondoa majivu?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka ziote upesi."

"Upesi wa nini?"

"Nilidhani zikiota utanisamehe."

Mkawasi akaketi chini, hapo hapo penye matope. Akasema polepole, "Hata ule mti, wewe ulitaka uanguke upesi."

Alisema hivyo kwa uchungu tu, hakujua kitu. Lakini neno lile lilimpata Mghanga mahali pake.

"Mama, sikupiga kelele."

"Unasema nini?"

"Niliwaambia wazee nilipiga kelele. Sikupiga. Niliona wingu la mvua linakuja, nikataka tumalize. Righa alikuwa ameinama anakusanya matawi. Nilijua yupo upande ule. Nilidhani atatoka kabla sijamaliza kukata. Sikumwita."

Mkawasi akainuka kutoka matopeni. Kisha akasema, "Ondoka."

Akaondoka. Lakini hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa wazee, akasema mbele yao yale aliyomwambia mama yule, nao wakamtoza faini ya ng'ombe na kumkemea vikali. Kutoka hapo akapita nyumba moja baada ya nyingine. Kila mlango alisema: "Righa alikufa kwa kosa langu, na mbegu zenu nimeziunguza. Kama mmebakiza nyingine, naomba." Wapo waliomfungia mlango, na wapo waliompa.

Asubuhi Mkawasi alimkuta penye kitalu, anakwangua udongo ulioungua. Hakumfukuza, wala hakumsalimu. Alisimama akamwangalia akipanda upya, kisha akaenda akamletea majivu.

Tangu siku hiyo Mghanga hakutaja msamaha tena. Alileta kuni, akagusa udongo, akarudi kwake. Alipokuta makaa yamepoa hakuyapulizia, aliongeza machache na kusubiri.

Asubuhi moja ni Mkawasi aliyeita. "Mghanga! Njoo uone."

Udongo ulikuwa umepasuka. Vijishina vyeupe vilikuwa vinainuka vimepinda shingo, vingine bado vimebeba ganda la mbegu kichwani. Wote wawili waliinama kuvitazama.

"Sijaacha kukukasirikia," Mkawasi alisema.

"Najua, mama."

"Kesho uwahi. Zitataka maji."

Habari ikawafikia wazee wa ukoo wa Mghanga. Wakaja kwa furaha wakiwa na mtungi wa pombe, wakamtaka Mkawasi atamke mbele yao kwamba amesamehe, ili waende zao wakiwa wamemaliza kazi. Mkawasi aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Wazee wangu," akasema, "mbegu ya pilipili huamshwa kwa joto, si kwa moto. Mwacheni aje na kuni zake."

Wakaondoka na pombe yao.

Mvua za vuli zikaja, watu wakachukua miche. Mghanga alimlimia Mkawasi shamba, mwaka ule na uliofuata. Siku moja walikuwa wanachuma pilipili, kila mmoja kwenye mstari wake. Mkawasi akanyoosha mgongo, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mwanangu, nimekusamehe. Siku yenyewe siijui. Nimeangalia tu leo nikaona hasira imekwisha."

Mghanga akakaa chini kati ya mipilipili, akalia kama mtoto. Mkawasi alimwacha alie, akaendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari.

Kwa hiyo msimlaumu Wakesho kwa kuukataa mkono leo, wala msiseme moyo wake ni mgumu. Dada yake, kama anautaka undugu kweli, njia ya kwenda kwa Wakesho anaijua, na aifuate kila siku bila kumhimiza. Mbegu ya pilipili huamshwa kwa joto, si kwa moto.