Bangili za Bi Harusi

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Wahenga hawakusema hivyo ili kuusifu ujinga, la hasha. Walikuwa wakimwonya yule anayejenga maisha yake juu ya usingizi wa wenzake: siku wakiamka atakimbilia wapi? Asiyeamini na asikie habari za Vrajlal wa Rajkot, aliyemfundisha bi harusi kucheza karata tatu kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa sikukuu ya Shitala Satam, na mvua ya mwezi wa Shravan ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Jiko la nyumba ile lilikuwa baridi kama ilivyopasa, kwani siku hiyo Mama Shitala huja kupumzika mekoni, na mwanamke anayewasha moto humuunguza mungu wake mwenyewe. Chakula kilikuwa kimepikwa jana yake: mikate ya uwatu, mtindi na achari ya embe. Hivyo wanawake hawakuwa na shughuli, mkeka ulikuwa umetandikwa, na karata zilikuwa zinamngoja mgeni.

Jalpa, bi harusi wa nyumba hiyo, alisimama nyuma ya mlango kwa hofu. Alikuwa ameolewa na Nimesh majira ya baridi yaliyopita, akitoka katika nyumba ya baba mwalimu ambamo karata zilikuwa haramu kama pombe. Lakini hofu yake haikuwa ya karata. Hofu yake ilikuwa bembea.

Bembea hiyo ilining'inia katikati ya sebule kwa minyororo ya shaba. Ilikuwa ya mti wa msaji, nayo ilichongwa na marehemu mume wa Bibi, nyanya yake Nimesh. Bibi alikuwa amepooza miguu. Kutwa aliketi juu ya bembea hiyo, na Jalpa akimsukuma taratibu huku akimsimulia ya sokoni. Siku aliyolazwa kitandani ili minyororo itiwe mafuta, mwanamke yule, mtu mzima, alilia kama mtoto mchanga. Jalpa alimpenda Bibi kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Sasa bembea ilikuwa hatarini, tena kwa sheria ya mchongaji mwenyewe. Marehemu alikuwa amekataza pesa zisipite juu ya mkeka ule. Watu wacheze kwa karanga za maganda. Atakayezikomba zote apewe neno moja, na nyumba isilikatae. Enzi zake watu waliomba wimbo au kipande cha halua. Lakini tangu Mjomba Vrajlal, kaka yake mama mkwe wa Jalpa, aanze kuja kila Satam, neno lilikuwa limeota meno. Mwaka juzi aliondoka na masufuria ya shaba. Mwaka jana ikawa saa ya ukutani. Na majuzi alikuja kusalimia, akaipima bembea kwa viganja huku akisema jinsi baraza ya nyumba yake mpya ilivyo tupu.

"Tusicheze basi," Jalpa alikuwa amemwambia mama mkwe wake.

"Nimfungie mlango kaka yangu siku ya Satam?" mama mkwe alijibu, machozi yakimlengalenga. "Na neno la marehemu nilitupe wapi, mwanangu?"

Mjomba aliingia akikung'uta mwavuli, tumbo mbele, tabasamu mdomoni. Nyuma yake walikuwa wapagazi wawili. Kila mmoja alikuwa na kamba mpya begani.

"Hao wa nini, Mjomba?" Nimesh aliuliza.

"Wananisindikiza tu. Mvua, utelezi... mzee kama mimi si wa kuachwa peke yake," Mjomba alisema, akacheka peke yake. Wapagazi walichuchumaa kizingitini wakaitazama minyororo ya shaba.

"Na bi harusi je?" Mjomba aliuliza. "Mkono mgeni huleta heri. Njoo ucheze, binti!"

"Hajui hata kuchanganya karata," mama mkwe alisema.

"Nitamfundisha! Mimi niko kwa ajili gani?"

Jalpa aliketi, uso ameufunika kwa ushungi wa sari yake, kama ilivyo heshima ya bi harusi mbele ya mjomba wa mumewe. Mjomba akatikisa kidole.

"Funua, funua! Utaonaje karata humo gizani? Leo mimi ni mwalimu wako, mwalimu ni baba."

Mama mkwe alishangaa. Kwenye harusi, Mjomba huyu huyu alikuwa amewakaripia watu mbele ya wageni kwa sababu ushungi wa Jalpa ulikuwa umeteleza kidogo. Lakini mkubwa kasema. Jalpa akafunua uso.

"Sikiliza," Mjomba alisema akigawa. "Kila mtu anatoa karanga, anapewa karata tatu. Tatu za namna moja ndizo sultani. Chini yake mfululizo, kama nne, tano na sita. Halafu zote za ua moja. Halafu jozi. Ukiwa huna hata jozi, una makaratasi ya kufungia viungo. Umezipenda karata zako, ongeza karanga katikati. Umeogopa, zitupe ukae kando. Mkibaki wawili, mmoja analipa, mnafunua, mwenye nguvu anachukua."

"Na nikiwa sina kitu, kisha nikaongeza?" Jalpa aliuliza.

"Basi wewe ni mwongo, na mwongo hapaswi kuwa na macho makubwa kama hayo!" Mjomba aliangua kicheko.

Mchezo ukaanza. Jalpa alipopata karata mbaya, uso ulimshuka, na hapo hapo Mjomba akaongeza karanga mpaka kila mtu akatupa zake. Alipopata nzuri ilikuwa balaa zaidi. Mikono ilimtetemeka kwa matumaini, na bangili za kioo zilizomjaa hadi karibu na viwiko zikaanza kulia, *chelele, chelele*.

"Zimelia!" Mjomba alishangilia akitupa karata zake kando. "Mkwe ana wafalme! Kimbieni, jamani!"

Jalpa aliambulia punje chache alipobahatika, na alipokosa bahati alinyonyolewa. Kabla ya chakula cha mchana Nimesh alikuwa hana kitu. Mama mkwe alifuata. Juu ya bembea, mkono wa Bibi ulikuwa umeushika mnyororo kwa nguvu hata vidole vikawa vyeupe.

Walipumzika ili wale. Jalpa alikwenda jikoni kuchukua mtindi, Nimesh nyuma yake.

"Bangili hizo zinakuuza," Nimesh alinong'ona. "Zivue."

"Nizivue, mume wangu, ukiwa hai? Tena siku ya sikukuu? Unanitakia ujane?"

Nimesh akachukua mikate akarudi mkekani. Jalpa aliinama juu ya jiko baridi. Katika ubavu wa mtungi wa chuma alijiona: uso mpana, uliofunguka kama dirisha, kila hofu ikichungulia nje. Akakumbuka asubuhi yote. Mjomba huzitazama karata zake mara moja tu. Muda uliobaki hutazama watu.

"Mama," alimwuliza mama mkwe aliyeingia kuchukua achari, "Mjomba alikuwa hivi tangu utotoni?"

"Alijua nilikoficha pipi kabla sijazificha. Alinitazama tu usoni."

Jalpa alisimama pale, mikono ikimtetemeka na bangili zikilia ndani ya jiko lisilo na moto. Alizisikiliza. Kama haziwezi kunyamaza, alijiambia, basi na ziseme. Lakini uso usiwepo wa kuzikanusha.

Alirudi mkekani akiwa amejifunika ushungi hadi kidevuni.

"Ah! Tumesharudi gizani?" Mjomba alisema.

"Nisamehe, Mjomba," Jalpa alijibu kwa sauti ndogo. "Chakula cha leo ni cha Mama Shitala. Nimeogopa kukaa uso wazi mbele ya mkubwa. Mjomba mwenyewe alisema kwenye harusi kwamba bi harusi asiyejifunika hakulelewa."

Wapagazi kizingitini walitazamana. Mjomba akaanza kuchanganya karata. Angesema nini? Maneno yalikuwa yake.

Karata zikagawiwa. Jalpa aliziangalia chini ya kitambaa: mbili, saba, tisa, za maua tofauti. Makaratasi ya kufungia viungo! Akasogeza konzi ya karanga katikati, na bangili zikalia.

Mjomba aliinama kutafuta uso, akakuta kitambaa. Akasikiliza. *Chelele, chelele.* Akavuta pumzi, akatupa karata zake. Jalpa akakusanya rundo na kuzichanganya karata zake na nyingine pasipo kumwonyesha mtu, huku moyo ukimwenda mbio kama amemwibia imamu kanzu yake msikitini.

Ikawa hivyo tena. Bangili zikalia, Mjomba akatupa. Mara nyingine Jalpa alikuwa na jozi, mara nyingi hakuwa na lolote, na hofu aliyokuwa nayo kila mara ilikuwa hofu ya kweli. Hakuhitaji kuigiza kutetemeka. Rundo la Mjomba likaanza kupungua.

"Mkwe ana bahati ya ajabu leo," Mjomba alisema. Tabasamu lilikuwa limechoka.

"Ana mwalimu mzuri," Nimesh alisema.

"Wewe nyamaza, huna karanga!"

Mvua ilipungua, na mwanga wa jioni ukaingia ukiwa na rangi ya manjano. Sasa marundo mawili yalilingana. Mjomba alianza kumwaga jasho. Alijaribu kumchekesha Jalpa na kumtisha. Aliuliza habari za baba yake, akanyamaza ghafla, akakodolea kitambaa macho kana kwamba kitararuka chenyewe. Ndipo wazo lilipomjia, na likaonekana usoni pake, maana yeye hakuwa na ushungi.

"Haiwezekani mtu apate wafalme mchana kutwa," alisema polepole. "Bangili hizi zinasema uongo!"

Jalpa aliganda. Amekwisha kujua, aliwaza. Bibi atashinda kitandani kuanzia kesho.

Mama mkwe akagawa. Jalpa akazivuta karata zake moja moja hadi chini ya ushungi. Nne ya kopa. Sita ya shupaza. Ya mwisho aliogopa kuigeuza. Alipoigeuza, ilikuwa tano.

Mfululizo. Mkubwa haukuwa, lakini ulikuwa mfululizo. Sasa alitamani bangili zinyamaze, nazo zikakataa. Zililia kuliko zilivyolia siku nzima, zikamlilia hadi kwenye viwiko, na hakuna alichoweza kufanya.

"Sikilizeni uongo unavyopigiwa ngoma!" Mjomba alifoka. Akasukuma karanga. Jalpa akasukuma zake. Mjomba akaongeza. Jalpa akaongeza, akihesabu moyoni walichokuwa nacho wote wawili, na akijua kuwa hakuna kurudi nyuma. Mwishowe Mjomba akalikumba rundo lake lote kwa mikono miwili, akalimwaga katikati, nyingine zikaviringika hadi chini ya bembea.

"Lipa zako zote tufunue!"

Jalpa akasukuma za mwisho. Akabaki na punje moja, iliyokuwa imenata kiganjani kwa jasho.

Mjomba alizipiga karata zake chini. Mfalme. Mfalme. Nane. "Jozi ya wafalme! Haya, wapagazi, simameni!"

Wapagazi wakasimama. Kamba zikashuka mabegani. Mama mkwe alifunika uso kwa viganja.

Jalpa alilaza karata zake juu ya mkeka kwa upole, kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Nne. Tano. Sita.

Nimesh ndiye aliyesoma kwa sauti, kisha akasoma tena, kisha akapiga ukelele uliowaamsha njiwa wa paa la jirani. Mjomba aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa mkeka.

"Lakini bangili..." alisema. "Zilikuwa zinasema kweli au uongo?"

"Sijui, Mjomba," Jalpa alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake haikutetemeka. "Mimi nilikuwa sijui hata kama zinasema. Mjomba ndiye aliyenieleza."

Mpagazi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Omba masufuria!" mama mkwe alimnong'oneza Jalpa, akimvuta sari. "Omba na saa!"

Jalpa aliutazama mkeka, akautazama mkono wa Bibi uliokuwa bado haujauachia mnyororo.

"Neno langu ni hili," alisema. "Kuanzia leo, kitu cha nyumba hii kisitoke tena mlangoni kwa ajili ya karata. Anayetaka neno aombe wimbo, kama zamani."

Nyumba hailikatai neno. Mjomba alilijua hilo vizuri kuliko wote, kwa kuwa alikuwa amekula kwalo miaka miwili. Aliokota mwavuli wake akatafuta viatu. Hapo ndipo sauti kavu ilipotoka juu ya bembea. Bibi, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alikuwa ameachia mnyororo.

"Vraju," alisema, "kabla hujaondoka, hebu nisukume. Umeipima sana bembea hii, lakini hujawahi kumbembeza mtu."

Mjomba Vrajlal akaweka mwavuli chini. Akashika ubao wa msaji kwa mikono ile ile iliyomgawia Jalpa karata zake za kwanza, akamsukuma Bibi mbele na nyuma, huku wapagazi wake wakila mikate ya uwatu kizingitini juu ya kamba zilizokunjwa. Chini ya ushungi wake Jalpa alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na bangili zake zikilia naye. Kila zilipolia, Mjomba aligeuza shingo kuzisikiliza, asijue zinasema nini. Ndiyo maana wakasema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.