Fundi Aliyejichagulia Presha

Hii sikusimuliwa. Nilikuwepo, kwa macho yangu haya ambayo mtaa mzima unajua hayajawahi kukosea, labda yakiwa yamelala.

Fundi Shekue, mshona suti na kanzu wa Korogwe, alikuwa amechoka. Amechoka kumeza vidonge, amechoka na benchi la kliniki, amechoka na moyo wake mwenyewe. Daktari alishamwambia: moyo unadunda ovyo, na presha iko juu. Vikikutana hivyo viwili, kiharusi hakiko mbali. Fundi alihofia kitu kimoja tu, mkono wa kulia, ule wa mkasi.

Binti yake Zuhura akamletea mashine ya kupimia, na balaa likaanzia hapo. Akijipima, inasoma juu sana. Akirudia, juu kidogo. Akirudia tena, chini.

"Basi hii ndiyo yangu," anasema, anaivua, kidonge anakirudisha kwenye pakiti. "Leo nina presha ya kushuka. Nikimeza kidonge cha kushusha tena, si mtanizika?"

"Jana pia ulisema ya kushuka," anajibu mkewe, Bi Hidaya, bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele.

"Presha ni yangu au yako?"

"Yako, Baba Zuhura. Yangu ni kukuuguza."

Asubuhi moja, akikata suti ya bwana harusi, vidole vikafa ganzi. Mkasi ukamponyoka, ukasimama wima sakafuni kama mche uliopandwa. Alitaka kumwita mkewe, ulimi ukawa mzito kama uji. Muda si mrefu vidole vikarudi, naye akainama kuuokota mkasi.

"Imeshapita."

Bi Hidaya hakubishana. Alikuwa ameshasimamisha bajaji.

Hospitalini, Sista Namkunda akamkalisha, akampima, akampumzisha, akampima tena na tena. Kila namba ikaja na lake. Fundi, pamoja na uchovu wote ule, akacheka.

"Umeona, Sista? Hata ya kwenu mbovu!"

"Mashine ni nzima, baba. Moyo wako ndio unaoruka, kila pigo lina nguvu yake. Ndiyo maana tunapima mara kadhaa, tunachukua wastani. Na wastani wako uko juu."

Fundi akakunja uso. Bi Hidaya akamgeukia taratibu.

"Baba Zuhura, ukiletewa cherehani inayoruka uzi, unaijaribuje?"

"Naipitisha mshono mrefu."

"Huangalii pigo moja la sindano?"

"Pigo moja! Pigo moja linaweza kutokea zuri hata kwenye cherehani mbo..."

Akaunyosha mkono apimwe tena. Sista naye akajifanya anatafuta kalamu.

Siku hizi hujipima ametulia, anarudia, anashika wastani. Vidonge vya presha na vya kuzuia damu kuganda anameza kila siku, hata namba ikipendeza. Bado amechoka. Bi Hidaya amechoka zaidi. Lakini kanzu niliyovaa Idi iliyopita ilikatwa na mkono ule ule.

Funzo: Moyo ukidunda ovyo, usijichagulie namba inayokufurahisha, pima mara kadhaa, shika wastani, na usiache dawa kwa ajili ya kipimo kimoja kizuri.

Mpelekee kisa hiki yule unayemjua, naye anajijua. Ule mkasi kusimama wima, hapo chumvi nimetia mimi. Mkono kufa ganzi, sikutia.