Ufunguo Kwenye Jino la Kiboko

— Nimebisha, hadithi imenijaa mdomoni. Nipite?
— Pita, kigoda chako hiki!
— Nikicheka msinifukuze!
— Tutacheka nawe!

Siku hiyo walikuwa wanagombana mlangoni pa zahanati.

"Mtoto ana kidonda cha moto, Mheshimiwa! Nipe ufunguo wa stoo ya dawa," alisema Bi Pimbi, mganga wa zahanati.

"Idhini iko wapi?" alinguruma Kiboko, mkuu wa afya.

"Iko kwako."

"Iko bwawani. Andika barua, ilete bwawani, ngoja siku tatu, nitaikanyagia muhuri wa matope."

"Lakini si umesimama hapa?"

"Hapa nimesimama tu. Kazi naifanyia bwawani!"

Akaondoka, puu! puu! puu!, ufunguo unaning'inia kwenye jino lake.

Zahanati ile ilikuwa ya wanyama wote. Ilipojengwa, Tembo alibeba magogo, mchwa walibeba udongo. Lakini Kiboko alisema bila yeye hata bandeji isifunguliwe. Tena kila dawa tamu lazima aikague kwanza, na kukagua kwake kulikuwa kula. Sharubati ya kikohozi aliikagua, ikaisha. Asali ya vidonda aliikagua, akalamba na chungu.

Mama Digidigi alikuwa amempakata mwanawe. "Bi Pimbi, siku tatu mguu utaoza."

"Nyamaza dada. Leo nitakuwa mtiifu kupita wote."

Nyuma ya zahanati palikuwa na mzinga mpya wa asali. Bi Pimbi akausukuma, biringi, biringi, mpaka bwawani.

"Mheshimiwa, dawa mpya. Sijaifungua, kama ulivyoagiza. Ila ndani kuna..."

"Nani amekuuliza? Mkaguzi ni mimi!"

Kiboko akapasua mzinga, akatia ulimi wote. Vuuuu! Nyuki wakatoka. Vuuuu! Wakamuuma ulimi. Vuuuu! Wakamuuma midomo. Chubwi! Akazama. Alipoibuka, mdomo umevimba kama gunia la pamba.

Puu! puu! puu! mpaka zahanati. "Dawa! Nipake dawa!"

"Pole sana, Mheshimiwa. Idhini iko wapi?"

"Si mimi hapa?"

"Iko bwawani."

Kiboko akarudi bwawani, puu! puu! puu!, akakanyaga jani, akalileta.

"Muhuri nimeuona. Barua ya maombi iko wapi?"

"Sijaandika!"

"Iandike, ipeleke bwawani."

Puu! puu! puu! Akajiandikia barua, akajipelekea, akajipokea, akaileta.

"Safi kabisa," alisema Bi Pimbi. "Sasa tungoje siku tatu."

"Siku tatu nitakufa!"

"Hata mtoto huyu, Mheshimiwa."

Kiboko akamtazama mtoto wa Digidigi. Mtoto naye akamtazama Kiboko. Machozi yakawatoka wote wawili. Kiboko akainamisha kichwa. "Chukua ufunguo. Usiniletee tena barua. Amua mwenyewe!"

"Nikikosea?"

"Wanyama wote watakuuliza, zahanati ni yao. Nipake!"

"Aliyetangulia kuja ni mtoto," alisema Bi Pimbi. Akachukua asali iliyobaki mzingani, aliyorudi nayo kutoka bwawani, akampaka mtoto mguuni, akafunga bandeji. Kisha akafungua stoo, krik!, akampaka Kiboko mafuta ya uvimbe, debe zima.

Mama Digidigi akashusha pumzi ndefu. Baada ya siku tatu, zile zile tatu, mtoto alikuwa anaruka, tip! tip! tip! Na tangu hapo Bi Pimbi aliamua mwenyewe, na kila mwezi mpevu aliwaeleza wanyama alichofanya na alichokosea.

Hadithi yangu nimeifunga bandeji. Mwenye kidonda aje aifungue. Na funzo lake ni kwamba mdogo asifanye lolote bila ruhusa ya mkubwa. Msibishe, alilisema Kiboko mwenyewe siku ile akitoka mlangoni, mdomo unang'aa mafuta:

"Mmeona? Bila idhini yangu, asingeweza kufanya kazi bila idhini yangu!"