Kidole cha Lugwisha

"Rangi haiulizwi kwa kidole." Nimemwambia Sayi hivyo alipokibonyeza kigoda nilichopaka asubuhi, nanyi mkacheka, kisha mkataka kujua maneno haya yametoka wapi. Basi yalianza hivi.

Siku mbili kabla ya arusi ya Kabula, mgeni alitokea bila taarifa. Alimkuta Nyanzobe, mchora kuta wa kijiji, akipaka udongo mweupe kwenye nyumba mpya ya maarusi.

"Mimi ni Lugwisha, baba mdogo wa bwana arusi. Keshokutwa naongoza ngoma. Nimewahi ili nione kazi."

"Karibu, baba. Ione kwa macho."

Zamani zile, bibi arusi hakuingia nyumba ambayo ukuta wake haujakamilika. Alirudi kwao hadi mavuno mengine. Naye Nyanzobe alifuata kanuni ya mama yake: rangi moja ikauke kabisa, ndipo nyingine iifuate.

Lugwisha akabonyeza ukuta. "Bado mbichi," akatangaza.

"Najua. Nimeupaka sasa hivi."

Nyanzobe akaliziba tundu la kidole. Alipotoka kuteka maji na kurudi, alikuta mengine matatu.

"Baba, umebonyeza tena?"

"Nilitaka kuhakikisha tu."

"Na ukuta umekwambiaje?"

"Bado."

Kufikia jioni Nyanzobe alikuwa ameziba matundu kumi na moja, na kesho yake ikambidi aurudie weupe wote. Nakshi nyekundu, zilizopaswa kuchorwa siku hiyo, zikasogea hadi asubuhi ya arusi yenyewe. Udongo mwekundu ulikuwa chungu kimoja tu, na mlima unakochimbwa ni mwendo wa siku nzima.

Alipomaliza kuchora, chungu kilikuwa kitupu.

"Sikiliza, baba. Ukigusa leo sina cha kuzibia, na Kabula atarudi kwao. Naenda kumpamba. Kaa hapa, mikono mapajani, ufukuze mbuzi wasiulambe ukuta. Usiondoke mpaka nirudi."

Lugwisha aliinamisha kichwa. "Nakuahidi."

Jua halijapanda sana, ngoma ikaanza. Vijana wa ngoma wakaja kumwita Lugwisha. "Baba mdogo, wachezaji wamejipanga, wanakungoja wewe."

"Nalinda ukuta."

"Ukuta unakwenda wapi?"

Wakacheka, wakaenda. Mbuzi wakaja, akawafukuza kwa kofia. Nafasi yake akapewa shemeji yake, mtu asiyejua hata mguu wa kuanzia. Lugwisha aliisikia ngoma ikiharibika, akasonya, miguu ikimcheza pale pale alipokaa. Hakuinuka.

Alasiri Nyanzobe alimleta Kabula. Ngoma ilikuwa imekwisha, watu wanakula. Ukuta uliwaka kwa nakshi nyekundu, bila alama ya kidole hata moja. Kabula akainama, akaingia nyumbani kwake.

Nyanzobe akamtazama yule mzee, hasira yote ikamwishia.

"Umekauka, baba. Sasa gusa."

Lugwisha akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Hapana, mama. Rangi haiulizwi kwa kidole."