Mahameli ya Kiguu na Njia

Chumba cha kukatia nguo pale chuoni kilikuwa na meza moja ndefu na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko zote: ukishashika mkasi, hushiki kitu kingine. Wanafunzi wote wa ubunifu wa mitindo waliifuata, isipokuwa msichana mmoja ambaye wenzake walimpachika jina la Kiguu na Njia. Akiwa kwenye cherehani, masikio yake yalikuwa kwenye ukumbi wa maigizo ng'ambo ya uwanja. Akiwa ukumbini, vidole vilimwasha kwa hamu ya sindano. Kutwa alihangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Si kwamba hakujua alichokipenda. Tangu utotoni, nyumbani kwa shangazi yake aliyemlea, aliyavisha magunzi ya mahindi magauni ya vitambaa chakavu. Kushona kulikuwa damuni mwake. Maigizo yalimjia kwa bahati tu. Mwigizaji wa nafasi ya malkia aliugua, yeye akaombwa amshikie kwa siku chache, akapigiwa makofi, na makofi yana utamu wake, tusidanganyane. Mgonjwa alipopona na kurudi, Kiguu na Njia hakuwa tayari tena kulivua taji.

Mwisho wa mwaka wa pili ulipokaribia, mambo yakawa mazito. Kila mwanafunzi wa mitindo alitakiwa kushona gauni moja na kulionyesha jukwaani mbele ya walimu. Gauni likikubaliwa, mwenyewe anaingia darasa la mwisho. Likikataliwa, anaaga ubunifu wa mitindo. Mchezo wa malkia nao ukapangwa alasiri ya onyesho hilohilo, mara tu baada ya magauni.

"Chagua moja, mwanangu," mwalimu wa mitindo alimsihi.

"Yote nitayaweza, Mwalimu. Mimi ni mwepesi."

"Huo wepesi wako ndio unaonikosesha raha."

Shangazi alimpa mahameli ya zambarau aliyoitunza kabatini miaka mingi, kitambaa cha kutosha gauni moja bila ziada. Mwalimu alipokiona, aliwaita wanafunzi wote mezani. Alikipapasa kuelekea chini, kikang'aa. Akarudisha kiganja kuelekea juu, rangi ikakolea hadi kukaribia weusi.

"Mahameli ina vinyweleo," alisema. "Vikilala huku, rangi ni hii, vikilala kule, ni nyingine. Vipande vyote vya gauni lazima vielekee upande mmoja. Kwa hiyo kabla ya kukata, chora mishale kwa chaki nyuma ya kitambaa. Nani hajaelewa?"

Wote walikuwa wameelewa, Kiguu na Njia akiwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa.

Siku ya kukata, alikuwa na rafiki yake aliyeitwa Pini kwa sababu hakukosa pini mdomoni. Pini ndiye angelivaa gauni hilo jukwaani. Vipande vya upande wa kulia vilikuwa vimeshakatwa kengele ya mazoezi ilipolia. Kiguu na Njia akaruka kama aliyekanyaga moto.

"We! Chora mishale kwanza," Pini alisema, pini zikimchezacheza mdomoni.

"Nikirudi."

"Ukirudi utakuwa malkia bado. Malkia na chaki wapi na wapi?"

Wakacheka wote wawili. Kiguu na Njia akakikunja kitambaa harakaharaka, akatoka mbio. Aliporudi jua lilikuwa limeshuka, na midomo yake ilikuwa bado inanong'ona maneno ya mchezo. Akakikunjua kitambaa kwa kuanzia ncha nyingine, akakata vipande vya kushoto, akaunga. Katika mwanga ule hafifu, gauni lilionekana limetulia, na moyo wake ukatulia nalo kwa mara ya kwanza katika wiki nzima.

Siku ya kujaribu magauni chini ya taa za jukwaa, yeye alikuwa akipimwa taji. Gauni lilibaki limetundikwa kwenye henga.

"Tutaliona siku yenyewe," alimwambia Pini, naye Pini akaguna tu.

Siku yenyewe ikafika. Kiguu na Njia alisimama nyuma ya pazia, taji kichwani na rangi usoni, roho ikiwa juu. Katika safu ya mbele alimwona shangazi yake amekaa wima. Pini akajitokeza, taa zikamwangukia. Mtu akacheka. Upande wa kulia wa gauni uling'aa. Wa kushoto ulikuwa mweusi tii. Ungedhani Pini ameazima nusu ya gauni kwa jirani.

Mwalimu wa mitindo alipomfuata Kiguu na Njia nyuma ya pazia, alimwuliza neno moja tu.

"Mishale?"

"Kengele ililia, Mwalimu."

"Mshono wako ni mzuri kuliko wa wote," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira na huzuni pamoja. "Lakini siwezi kulipitisha gauni hili. Siwezi, mwanangu."

Kabla hajapata nafasi ya kulia, alisukumwa jukwaani. Aliigiza akiwa na kidonda kibichi moyoni, na pengine ndiyo maana ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Mwalimu wa maigizo alimkumbatia. "Mwaka ujao wewe ni wangu!" alipaza sauti.

Shangazi alimkuta ameketi juu ya kasha la mavazi, rangi imemchirizika mashavuni.

"Makofi yote hayo, mama, unalia nini?"

"Nilitaka kushona, Shangazi. Ni hicho tu nilichokitaka maisha yangu yote."

Shangazi alimvua taji taratibu, akaliweka kando. Hakumkemea, wala hakumdanganya kwamba yatapita.

"Nilijua," alisema. "Ila mkono ukishajaa, mwanangu, haukuulizi ukipendacho ni kipi. Mshika mbili, moja humponyoka."