Mpini wa Pembe wa Senkondo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, moto ungalipo!

Tumesogea, tupe!

Basi hapo kale, huko milimani, palikuwa na mke kijana, jina lake Nakijwa. Mumewe, Senkondo, alikuwa mchota magadi, ile chumvi ya nyikani. Siku moja alifunga mkoba wake ateremke, na kama ilivyo desturi ya wachota magadi, kisu chake hakwenda nacho. Waliamini kisu kikibaki nyumbani, mwenyewe atarudi kukifuata.

Kilikuwa kisu cha kukunja, cha kutia mfukoni, mpini wake wa pembe ya fahali, mweusi, wenye mshipa wa rangi ya asali. Senkondo alikuwa nacho tangu ujana wake. Pale alipozoea kuweka kidole gumba, pembe ilikuwa imelika taratibu, ikafanya kibonde.

"Uupake samli," alimwambia mkewe. "Pembe ikikauka hupasuka. Ukiitunza, itaishi kutupita sisi."

"Na wewe nikupake nini usichelewe?"

Senkondo akacheka, akaenda na wenzake. Hakurudi hata mmoja.

Mvua zikaja, zikaondoka. Mtoto aliyeachwa tumboni akazaliwa, akaota meno. Kila akisuka maziwa, Nakijwa aliupaka ule mpini samli. Ukishikwa ulikuwa baridi kidogo, kisha ukashika joto la kiganja, ukashika joto, hata ukawa kama mkono wa mtu umekamata wako. Hapo machozi humtoka.

"We mkaza mwanangu," mama mkwe alimtania, "hicho kisu utakinyonyesha lini?"

Lakini mama mkwe naye akigeuka hujifuta macho.

Siku moja mwanamke mmoja mchanja kuni akaja mbio. "Nakijwa wee! Wachota magadi hawajafa! Zimwi limewafungia pangoni huko nyikani, linawatumikisha!"

Basi Nakijwa hakungoja hata chungu kishuke. Mtoto mgongoni, kisu kifuani, huyoo, anaogopa, anakwenda, anaogopa, anakwenda, anaogopa, anakwenda.

Akalikuta zimwi limekaa mlangoni mwa pango, linachokoa meno kwa nguzo ya nyumba ya watu.

"Mama mtoto! Karibu chakula!"

"Sikuja kula."

"Nani kasema utakula wewe?"

Nakijwa akakaza mbeleko, akasema, "Nimemfuata mume wangu."

"Ala! Mchukue basi. Ila ukimchukua asiye yeye, nakumeza wewe na hako kachanga kako. Sitatafuna, nina haraka."

Zimwi likapuliza moshi puani. Wanaume wakatoka pangoni, wengi, na wote wana sura moja, kimo kimoja, sauti moja. Sura ya Senkondo! Wakanyoosha mikono.

"Mke wangu, ni mimi! Nipeleke nyumbani!"

Wakamdanganya, ndiyo, lakini kila mmoja alitaka kurudi kwao tu. Wa kwanza alikuwa analia. Nakijwa akataka kumrukia, akataka amkumbatie yaishe, kwa vile alivyokuwa amemkosa siku zote hizo, lakini mtoto akamlilia mgongoni, akasimama.

Akatoa kisu.

"Shika, kaza, nikujue."

Yule mwenye machozi akashika. Gumba lake likapita kibonde. Nakijwa akachukua kisu.

"Shika, kaza, nikujue."

Wa pili akashika. Gumba halikukifikia kibonde. Nakijwa akachukua kisu.

Nyuma kabisa alisimama mmoja ambaye hakumwita wala hakunyoosha mkono. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Shika, kaza, nikujue."

Akashika bila kuangalia. Gumba likalala kibondeni kama lililokuwa limetoka hapo jana. Akaunusa mpini.

"Umeupaka," akasema.

"Huyu!" Nakijwa akapiga kelele. "Huyu! Huyu wangu!"

Zimwi likang'aka hata mawe yakaanguka, lakini neno lilishatoka kinywani mwake, likalifunga. Sura ya Senkondo ikamrudia, ya kweli, yenye mvi asizoondoka nazo. Wakashikana mikono, wakaanza kupanda mlima, na nyuma yao sauti: "Mama! Mwambie mke wangu aje! Mama!"

Basi Nakijwa akapita nyumba kwa nyumba. Wanawake wakakimbilia vitu vya waume zao. Mmoja akatoa jembe, mpini umeliwa na mchwa, ukambakia unga mkononi. Mwingine akatoa kisu cha mpini wa mti, umeoza. Mwingine alikuwa na mpini wa pembe, mzuri, ila alikuwa ameuchomeka juu ya moshi bila kuupaka kitu, ukapasuka katikati, kibonde hakijulikani kilipokuwa. Wale wenye mipini ya pembe iliyotunzwa walishuka peke yao, wakapanda wawili wawili.

Wale wengine walibaki vibarazani, wanatazama nyikani. Na Nakijwa, na mume ubavuni, kila upepo wa huko ukivuma alizisikia zile sauti, Mke wangu, ni mimi, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu mno.

Hapo ndipo hadithi yangu inapotua mzigo. Anayeutaka na aubebe. Na nyinyi wanangu, alichowaachia mtu wenu kitunzeni akiwa hayupo, kwa sababu siku mtakapokihitaji hamtapata muda wa kuanza kukitunza.